Je, wajua kwa nini kanuni mpya inaweza kumpokonya mtu nyumba aliyoinunua mwenyewe?

Nchini Marekani mamilioni ya watu wanaishi katika nyumba zilizojengwa kiwandani, zikavutwa barabarani na kutuliwa kwenye kitongoji cha mwenye ardhi. Nyumba ni ya mkazi. Kiwanja anakilipia kodi kila mwezi. Mwenye ardhi pia ndiye anayeandika kanuni: mbwa, wageni, magari, rangi ya ukuta.

Wengi hudhani kwamba asiyependa kanuni mpya ataikokota nyumba yake na kwenda zake. Si hivyo hata kidogo. Mwaka 1992, katika kesi ya Yee dhidi ya mji wa Escondido, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba ni kama nyumba moja tu kati ya 100 inayowahi kuhamishwa baada ya kutuliwa. Gharama ya kuihamisha mara nyingi hula sehemu kubwa ya thamani yake. Ukumbi umeongezwa, mabomba yameungwa. Na vitongoji vingi havipokei nyumba kuukuu, hasa zilizojengwa kabla ya Juni 1976, viwango vya serikali kuu vilipoanza kutumika.

Wakazi wa Mombasa wanaijua hali hii kwa jina la nyumba bila ardhi: kuta ni zako, udongo ni wa mwingine, na akikuambia uondoke huwezi kuzikunja kuta kama mkeka. Huko Marekani kanuni humbana mkazi mahali hapo hapo. Mkazi hapokonywi nyumba moja kwa moja. Anashtakiwa kwa kuvunja kanuni, anapoteza kiwanja, na nyumba isiyo na kiwanja inabidi iuzwe haraka kwa bei ya hasara.

Sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo. California, ambayo sheria yake ni miongoni mwa zenye maelezo mengi, humtaka meneja wa kitongoji atoe notisi ya maandishi na akutane na wakazi kabla ya kubadili kanuni. Lakini mkutano huo ni wa kushauriana, si wa kupiga kura. Hata wote wakikataa, kanuni inaweza kuanza baada ya notisi ya miezi 6. Ikihusu sehemu za burudani, siku 60 zinatosha. Florida notisi ni siku 90.

Kuna mipaka, na ina uzito. Kanuni lazima iwe ya busara, jambo ambalo mahakama hulipima kesi kwa kesi. Anayetuhumiwa California hupewa siku 7 za kujirekebisha kabla ya notisi ya kuondoka ya siku 60, ingawa mwenye kurudia kosa lile lile ndani ya miezi 12 anaweza kuikosa nafasi hiyo. Huko pia, kanuni iliyowekwa bila ridhaa ya wakazi haiwezi kuwanyima haki ya kesi kusikilizwa na jopo la raia.

Kwa hiyo sheria humpa mkazi muda, haimpi kauli ya mwisho. Mpangaji wa chumba akipewa miezi 6 anahama. Mwenye nyumba isiyohamishika anahesabu siku tu, na hapo ndipo naona sheria hizi zimepungukiwa.

New Hampshire wamepita njia nyingine. Tangu 1984 wakazi wa baadhi ya vitongoji wameungana katika ushirika na kuinunua ardhi yenyewe, na huko kanuni hupigiwa kura na wanaoishi chini yake.