Grehaundi Mstaafu Nyumbani Kwako: Usimpime kwa Kipimo cha Mbwa Wengine

Watu wengi wanaomchukua grehaundi, mbwa wa mbio, aliyestaafu huanza kumsifia kabla hajamaliza wiki moja nyumbani. Ni mpole, habweki, haombi kitu, husimama tu kando ya ukuta. Baadaye sifa hizo huwa za kweli. Katika wiki ya kwanza, hata hivyo, anachokionyesha mara nyingi ni bumbuwazi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa mbwa huyu mshindo huja akishaanza kuzoea: anakojoa sebuleni, analia akiachwa peke yake, au anamngurumia mtoto aliyemwangukia usingizini. Hapo ndipo simu za kliniki huanza kuita, na mwenye mbwa hudhani mnyama wake ameharibika.

Hajaharibika. Ni mbwa mtu mzima, kwa kawaida wa miaka miwili hadi mitano, anayeanza maisha ya nyumbani kutoka sifuri. Huko Australia, Ireland na Uingereza, grehaundi wa mbio hukulia mabandani pamoja na wenzake, hula kwa saa maalumu na hutolewa nje kwa saa maalumu. Marekani nako walikuwa wengi, mpaka wapiga kura wa Florida walipoamua mwaka 2018 kwamba mbio hizo zikome jimboni mwao ifikapo mwisho wa 2020, na mbwa wengi wakahitaji makazi kwa mkupuo. Mbwa wa namna hii anaweza kuwa amepanda magari na kupita mbele ya umati wa watu, lakini hajawahi kuona ngazi, kioo kikubwa, sakafu ya vigae inayoteleza wala mashine ya kufulia. Na huenda katika maisha yake yote hajawahi kulala usiku mmoja bila kusikia pumzi ya mbwa mwingine.

Hilo la mwisho ndilo wenye nyumba hulisahau zaidi. Mtu huomba likizo ili akae na mbwa mchana kutwa, usiku amlaze karibu naye, kisha Jumatatu anafunga mlango na kuondoka mpaka jioni. Kwa maoni yangu, likizo ya namna hiyo humuumiza mbwa kuliko kumsaidia. Itumie kumfundisha kuachwa. Siku ya kwanza toka chumbani kwa nusu dakika, urudi kabla hajaanza kulia, bila kumpapatikia. Ongeza muda kidogo kidogo, siku nyingine upunguze, ili asijifunze kwamba kila ukitoka unakawia zaidi. Usiku anaweza kulala mahali anapokusikia, na umbali uongezwe polepole kadiri anavyotulia.

Kuhusu haja, anajua tayari kwamba hachafui anapolala. Asilolijua ni kwamba nyumba yote ni mahali pa kulala. Mtoe nje kila akiamka, kila akila na kabla ya kulala, umsifu palepale anapomaliza. Ukimfokea kwa sababu ya dimbwi alilolifanya saa moja iliyopita, atajifunza kukuogopa wewe tu.

Ngazi zinahitaji watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Anzeni na vidato viwili vitatu vya chini, kwa sababu mbwa anayejikuta juu kabisa akiwa na hofu huruka, na miguu yake mirefu haikuumbwa kwa miruko ya hivyo. Milango ya kioo ibandikwe karatasi au utepe kwa kimo cha macho yake. Akisimama ghafla barabarani na kukataa kusogea, jambo ambalo grehaundi wengi hulifanya miezi ya mwanzo, usimvute. Subiri, kisha geuka naye uelekeo mwingine.

Usingizi wake una hatari yake. Wapo wanaolala macho wazi, kwa hiyo mtu haamini kwamba mbwa amelala. Bandani hakuna aliyekuwa akimgusa akiwa usingizini, na akiguswa ghafla anaweza kung'aka na hata kuuma kabla hajajua yuko wapi. Mwite jina kutoka mbali mpaka ainue kichwa, ndipo umsogelee. Kitanda chake kiwe pembeni, mahali watoto hawapiti, na kitanda chenu kisiwe chake katika miezi ya mwanzo. Huu si ukali wa tabia wala sababu ya kumrudisha alikotoka.

Mbwa huyu huwinda kwa macho. Kitu chochote kidogo kinachokimbia huwasha mwili wake kabla akili haijaamua, na anaweza kufikia zaidi ya kilomita 60 kwa saa kwa hatua chache. Ukimwita hatakusikia. Basi nje ya eneo lenye uzio imara asifunguliwe kamba, hata akikutii namna gani nyumbani. Shingo yake ni nene kuliko kichwa, hivyo mkanda wa kawaida humtoka akirudi nyuma. Mnunulie mkanda mpana wa aina inayojikaza kidogo anapovuta. Kamba zinazojirefusha na kujikunja zenyewe hazimfai, kwa maana atakuwa amechukua kasi kubwa kabla kamba haijaisha, na shingo ndiyo itakayolipa. Akikutana na paka kwa mara ya kwanza, avae kifunika mdomo chenye matundu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Wengi wamekwishakivaa katika maisha ya mbio, kwa hiyo hawaoni ajabu. Tena paka anayevumiliwa sebuleni si lazima avumiliwe uani. Akianza kukimbia, mbwa humwona kama kiwindwa.

Mwili wake hauna mafuta mengi na manyoya yake ni mafupi. Baridi humpata upesi, akahitaji vazi, na joto nalo humchosha upesi, hivyo atembezwe asubuhi na jioni. Ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba msumari ambao ungemkwaruza tu mbwa mwingine humchana yeye jeraha la kushonwa. Mpe tandiko nene. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kwa muda wa wiki moja hivi, la sivyo ataharisha. Uzito wake unaweza kupanda kilo mbili au tatu juu ya ule wa mbio na usizidi sana hapo. Mbavu mbili tatu za mwisho zikionekana kwa mbali, hiyo ni afya. Huruma ya wageni wanaosema "mbwa wenu amekonda" imewafanya grehaundi wengi wanenepe kupita kiasi. Chungulia pia kinywani, kwa kuwa ugonjwa wa fizi ni wa kawaida kwao na meno yenye ukoga mzito husafishwa kliniki chini ya nusukaputi. Baada ya hapo mpige mswaki kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu isitumike; nyingine zina zilitoli (xylitol), kiungo cha kutia utamu ambacho ni sumu kwake.

Sasa damu, jambo ambalo hata baadhi yetu madaktari wa mifugo tunahitaji kukumbushwa. Kwa mbwa wengi, chembe nyekundu hujaza kati ya asilimia 37 na 55 ya damu. Grehaundi mzima anaweza kuwa na 50 hadi 65. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, huwa chache kuliko za mbwa wengine, na chembe nyeupe pia. Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huiondoa kwenye damu, huwa juu kidogo kwa sababu ana misuli mingi, wala hiyo peke yake haimaanishi figo zinaharibika. Homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, hupimwa chini, mara nyingi nusu ya kiwango cha mbwa wengine, na wapo waliowekewa dawa za maisha kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Ukiambiwa tezi yake ni dhaifu, uliza kwanza kama kiwango kilicholinganishwa ni cha grehaundi. Moyo wake ni mkubwa, na mvumo hafifu unaosikika humo huenda usiwe na madhara. Ni busara apimwe damu angali mzima, majibu yatunzwe, ili siku akiugua tuwe na cha kulinganisha. Aliyetoka maeneo yenye kupe wengi apimwe pia magonjwa yanayoenezwa na kupe, kwa sababu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila dalili.

Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kuhasi au kung'oa jino, mwambie daktari wazi kwamba huyu ni grehaundi. Ini lake huziondoa polepole baadhi ya dawa za nusukaputi, hasa zile za zamani za kundi la thaiopentali, na mbwa hukawia mno kuzinduka. La pili halifahamiki sana: wengine hutokwa na damu siku moja hadi nne baada ya upasuaji uliokwenda vizuri kabisa. Bonge la damu hufanyika, kisha huyeyuka mapema. Zipo dawa, kama asidi ya traneksamiki, ambazo daktari anaweza kuzitoa ili kuzuia hali hiyo. Akirudi nyumbani, angalia kidonda kila asubuhi na jioni. Ukiona mavilio yanayoenea au bendeji inayolowa damu, mrudishe siku hiyo hiyo.

Nimeuacha mguu mwisho kwa sababu ndipo tunapopoteza muda mwingi. Grehaundi akichechemea, kila mtu hutaja jeraha la zamani la mbio, na kweli lipo: viwanja vingi huzungukwa kinyume cha saa, hivyo kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ndicho huvunjika zaidi na baadaye hupata baridi yabisi. Sababu nyingine ni sugu ndogo ngumu ya duara kwenye nyama ya unyayo, tatizo ambalo mbwa wa aina nyingine hulipata kwa nadra. Mbwa mwenye sugu hutembea vizuri kwenye nyasi na kuchechemea kwenye lami, hilo unaweza kulijaribu mwenyewe. Lakini grehaundi pia ni miongoni mwa mbwa wanaopata sana saratani ya mfupa, hasa wakizeeka, na hupenda kuanzia juu karibu na bega, chini karibu na kifundo cha mguu wa mbele, au kuzunguka goti. Hii haichagui nyasi wala lami. Humpa maumivu yanayotulia kidogo kwa dawa kisha kurudi makali zaidi, wakati mwingine pamoja na uvimbe mgumu, na mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika kwa hatua ya kawaida tu.

Kwa hiyo grehaundi wa makamo au mzee anayechechemea kwa zaidi ya wiki moja, au aliyepona akarudia, apigwe picha ya eksirei. Usikubali mzunguko wa pili wa dawa za maumivu bila picha. Na usimpe ibuprofeni wala dawa nyingine ya maumivu kutoka kabati lako wakati unasubiri miadi. Humdhuru tumbo na figo, na kutuwekea mipaka ya dawa tunazoweza kumpa akifika.