Bitireti Haikurudishii Fremu Ulizozitupa

Wiki hii nimeletewa tena niikague rekodi ya spidirani, yaani mbio za kumaliza mchezo kwa muda mfupi kabisa, ya mchezo wa SNES, konsoli ya zamani ya Nintendo, ikiwa na maelezo ambayo sasa ninayajua kwa ghibu: kwamba video ina ubora wa juu kabisa kwa sababu imerekodiwa kwa 1080p na kwa bitireti ya megabiti 50 kwa sekunde. Niliifungua, nikatafuta mahali ambapo mhusika anaruka, nikaanza kusogeza fremu, yaani picha zinazounda video, moja baada ya nyingine. Mwili wa mhusika ulikuwa na vivuli viwili, kimoja kikiwa mbele ya kingine kwa pikseli chache, na mruko mzima ulikuwa na nusu ya fremu zinazotakiwa. Saa moja ya mchezo ambao picha yake halisi ina pikseli 256 kwa 224 ilikuwa imechukua zaidi ya gigabaiti 22 za diski, na bado mbio zenyewe hazikuwa zimerekodiwa zote.

Mkimbiaji huyu hakufanya uzembe. Alitumia kebo nzuri, alikuwa na kompyuta yenye nguvu, na alifuata ushauri ambao kila mtu humpa mwenzake, yaani kuongeza bitireti hadi picha ipendeze. Kinachoniudhi ni ushauri huo. Bitireti ni kiasi cha data ambacho enkoda, yaani kifaa au programu inayobana video, inaruhusiwa kutumia kueleza picha iliyoletewa. Ikiletewa picha iliyokwisha kuharibiwa, itaueleza uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa. Katika rekodi nyingi za konsoli za zamani ambazo nimezikagua, hasara kubwa ilitokea kabla enkoda haijaanza kazi, pale kadi ya kunasia video, ile inayoingiza picha ya konsoli kwenye kompyuta, ilipokutana na mawimbi ya konsoli isiyoyaelewa.

Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa utulivu. Mfumo wa runinga wa NTSC, ule wa Marekani na Japani, hutuma fildi 59.94 kwa sekunde, kila fildi ikiwa mpito mmoja wa kuchora skrini. Katika matangazo ya kawaida ya runinga, yaani 480i, fildi moja hubeba mistari witiri na inayofuata hubeba mistari shufwa, kisha fildi mbili zikishonwa pamoja hufanya fremu moja yenye mistari 480, na hivyo tunapata fremu 29.97 kwa sekunde. Konsoli kama NES, SNES na Mega Drive kwa kawaida hazifanyi hivyo. Zenyewe hutuma 240p: kila fildi ni picha kamili inayojitegemea, na runinga ya kioo huichora kwenye mistari ile ile kila mara, ikiacha nafasi nyeusi katikati. Kwa hiyo mchezo unaonyesha picha 60 tofauti kila sekunde, wala hakuna mpishano wowote, yaani upishanaji wa mistari ya fildi mbili, wa kuondoa.

Kadi nyingi za kunasia hazilijui hilo. Zikiona mawimbi ya 240p huyachukulia kuwa 480i, huchukua picha mbili zilizotokea kwa nyakati mbili tofauti, huzishona mstari kwa mstari, na kukukabidhi fremu 30 zenye meno ya kitana kila mahali palipo na mwendo. Mpaka hapa hakuna kilichopotea, kwa kuwa picha zote mbili bado zimo ndani ya fremu hiyo na zinaweza kutenganishwa. Maafa huja katika hatua inayofuata, mtu anapoona meno yale, akayachukia, akafungua programu ya kurekodi na kuchagua njia yoyote ya kuondoa mpishano inayofanya picha ionekane safi. Njia ya kutupa huondoa fildi moja kati ya mbili. Njia ya kuchanganya huziyeyusha mbili kuwa moja. Zote mbili hukuachia fremu 30, na baada ya hapo hata ukirekodi kwa megabiti 500 hutapata tena kile kilichotupwa.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba macho hayatofautishi, na kwamba sinema huonyeshwa kwa fremu 24. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Sinema haina mhusika ambaye huonekana fremu moja na kufichwa fremu inayofuata. Michezo ya zamani inaye. NES huweza kuchora spraiti 8 tu, yaani vipande vya picha vinavyosogea kama wahusika na maadui, katika mstari mmoja wa skrini, kwa hiyo michezo mingi hupanga maadui kwa zamu: katika fremu hii wanachorwa hawa, katika fremu inayofuata wanachorwa wale, na jicho likiwaona wakimetameta hujua kwamba wote wapo. Vivyo hivyo, katika michezo mingi mhusika aliyejeruhiwa humetameta mpaka muda wake wa kinga uishe. Tupa fremu moja kati ya kila mbili, na mmetameto huo hutoweka: kitu kilichokuwa kikionekana kwa zamu ama kitaonekana muda wote kana kwamba hakuna kilichotokea, ama hakitaonekana kabisa, kutegemea fildi uliyoibakiza. Niliwahi kukagua rekodi ambamo mkimbiaji alipita katikati ya adui asiyeonekana kwa sekunde mbili nzima. Watazamaji walimtuhumu kudanganya. Adui alikuwapo, na kinga ilikuwapo, lakini mpangilio mmoja wa programu ulikuwa umefuta vyote viwili.

Kisha kuna suala la muda, ambalo kwa spidirani ndilo moyo wa kazi yote. Katika Super Mario Bros., mwishoni mwa hatua mchezo huangalia mara moja tu kila baada ya fremu 21 kama uko tayari kwenda hatua inayofuata, ndiyo maana wakimbiaji wa mchezo huo huhesabu faida na hasara zao kwa mafungu ya fremu 21. Mkaguzi anayetaka kuhakiki mbio hizo kwa rekodi ya fremu 30 hupewa fremu 10 na nusu mahali penye fremu 21. Hawezi kuhesabu nusu ya fremu. Anakisia, na mkimbiaji aliyefanya mazoezi kwa miezi mingi hukubaliwa au kukataliwa kwa makisio.

Ufumbuzi wenyewe ni mfupi. Katika OBS, programu ya kurekodi video, kwenye chanzo cha video kuna orodha ya njia za kuondoa mpishano, na mojawapo inaitwa Retro. Hiyo ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya 240p. Kwa mchezo unaotoa 480i ya kweli, tumia Yadif 2x iliyo kwenye orodha hiyo hiyo. Hakikisha pia kwamba programu yenyewe imewekwa kwenye fremu 60 au 59.94, kwa sababu njia zinazozaa fremu maradufu hazina maana ikiwa matokeo yamefungwa kwenye 30. Ukipenda kurekodi fremu zilizoshonwa kama zilivyo na kuzitenganisha baadaye, kichujio cha separatefields kimo ndani ya programu ya kuchakata video ya FFmpeg, na AviSynth, programu nyingine ya kazi hiyo, inacho cha jina hilo hilo. Zingatia mpangilio wa fildi: ukikosea ipi inatangulia, fremu zitatoka kwa mfuatano wa 2, 1, 4, 3, na mhusika atatembea hatua mbele kisha kurudi nyuma kidogo, mfululizo, kama mtu anayetetemeka. Ukiona mtetemo wa aina hiyo, usiguse kebo, geuza mpangilio.

Usitumie Yadif 2x kwa 240p ukidhani kwamba kwa kuwa inatoa fremu 60 mambo yamekwisha. Yadif huamini kwamba fildi moja imekaa mstari mmoja chini ya nyingine, na katika 480i ni kweli. Katika 240p fildi zote hukaa mahali pamoja, kwa hiyo marekebisho hayo husogeza picha juu na chini kila fremu, na alama za afya na maandishi ya pointi, ambayo yanapaswa kutulia tuli, huanza kucheza. Baadhi ya michezo ya PlayStation huhama kutoka 240p hadi 480i unapofungua menyu, kisha hurudi. Kwa michezo hiyo sina njia moja ninayoweza kuiapia. Mimi huchagua njia inayofaa sehemu ndefu zaidi ya mbio na kukubali kwamba menyu zitaharibika kidogo, na kila mara huwa na wasiwasi kwamba kuna mbio ambazo siri yake imo ndani ya menyu.

Haki inanilazimu kusema kwamba si kila mchezo hubadilisha picha mara 60. Ocarina of Time, mchezo wa Nintendo 64, katika toleo la NTSC huchora picha 20 tu kwa sekunde, na watu hunitajia mchezo huo kama ushahidi kwamba 30 zinatosha na kubaki. Hazitoshi, kwa sababu 20 haiingii sawasawa ndani ya 30. Kwa 60, kila picha hurudiwa mara tatu na mwendo hubaki sawa. Kwa 30, picha moja hukaa fremu mbili na inayofuata hukaa moja, na mwendo huanza kuchechemea. Kwa mchezo huo rekodi kwa 60, au punguza hadi 20 kwa hesabu kamili baada ya kutenganisha fildi. Miaka ya nyuma Speed Demos Archive, tovuti ya kuhifadhi spidirani, ilizitofautisha hali hizi kwa herufi na namba, F1 kwa fremu zote, F2 kwa nusu, F3 kwa theluthi, na nasikitika kwamba lugha hiyo fupi imesahaulika, maana ilimlazimu kila mtu kuujua mchezo wake kabla ya kurekodi.

Kuna jambo lingine ambalo maelekezo mengi hulipita kimya. NES na SNES za NTSC hazitoi fildi 59.94 hasa; hutoa takriban 60.0988. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukizibakiza fremu zote na kuliandikia faili kwamba ni 59.94, saa moja ya mchezo itaongezeka sekunde 9 na nusu, na sauti itaachana na picha. Ukiilazimisha programu ifuate saa ya kweli, itatupa fremu moja takriban kila sekunde 6. Mimi hulinda saa ya kweli na kuipoteza fremu hiyo, kwa kuwa mbio hupimwa kwa muda. Hata hivyo, nikikumbuka kwamba fremu iliyotupwa inaweza kuwa ile ile ambayo mkaguzi anaitafuta, sijivunii uamuzi huo. Konsoli za PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya, hutoa fildi 50, nazo zirekodiwe kwa 50 bila kugeuzwa.

Sasa tufike kwenye ubanaji, ambao watu huanza nao. Kwa faili la kuhifadhi, acha kupanga bitireti na utumie CRF, mpangilio unaoshikilia ubora badala ya kiasi cha data, katika enkoda ya x264. Thamani ya kawaida ni 23. Kwa 18 wengi hawaoni tofauti na chanzo. Na kila ukiongeza 6, faili hupungua kwa karibu nusu. CRF huipa kila sehemu data inayoihitaji, hivyo skrini tuli ya mazungumzo haili data ya bure wakati skrini inayokimbia kwa kasi ikinyimwa. Bitireti ya kudumu iache kwa matangazo ya moja kwa moja, ambako mtandao ndio unaoamua. Na kama faili lako ni kubwa kupita kiasi, tazama kwanza kebo: ile ya kompozit, yenye plagi ya njano, hujaza picha chembe zinazobadilika kila fremu, na enkoda haijui kwamba chembe hizo si mchezo, kwa hiyo huzitumikia kama inavyomtumikia shujaa. S-Video au RGB hupunguza uzito wa faili na kusafisha picha kwa pamoja.

Rangi zina matatizo yake. Video nyingi huhifadhiwa kwa 4:2:0, ambapo pikseli nne, mbili kwa upana na mbili kwa urefu, hugawana sampuli moja ya rangi, na katika michoro ya pikseli vazi jekundu huvuja nje ya mipaka yake. Ikiwa chanzo chako ni emyuleta, yaani programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta, kuza picha kwa kurudia pikseli kabla ya kuibana. Picha ya 256 kwa 240 ikizidishwa mara 5 kwa upana na mara 4 kwa urefu huwa 1280 kwa 960, ambayo ni 4:3 kamili. Kwa urefu, 4 ni shufwa na rangi hukaa ndani ya mipaka. Kwa upana, 5 ni witiri, na baadhi ya mipaka bado huguswa. Kuna wanaoshikilia kwamba pikseli ya konsoli hizo ina uwiano wa 8:7, kwa hiyo 4:3 hunenepesha picha. Hoja yao ni nzito, na nimekwisha kubadili msimamo zaidi ya mara moja. Usichopaswa kufanya ni kukuza kwa ulaini, kwani huzigeuza kingo kuwa ukungu na kuongeza uzito wa faili. Kukuza kunahitajika pia kwa sababu YouTube huonyesha fremu 60 kuanzia 720p tu. Pakia 480p, na fremu ulizozilinda kwa taabu zitatupwa huko.

Rekodi kwa faili la aina ya MKV, kwa sababu kompyuta ikizimika katikati ya mbio, MP4 ya kawaida huweza kukataa kufunguka kabisa, ilhali MKV hukurudishia kila kilichoandikwa; kuihamishia kwenye MP4 baadaye huchukua dakika chache wala hakupunguzi ubora. Kiwango cha sampuli za sauti kiwe 48 kHz, na kiwe 48 kHz kila mahali, kwenye kadi, kwenye programu na kwenye mfumo wa kompyuta.

Mkimbiaji wa wiki hii nilimwomba rekodi ya awali. Alikuwa nayo moja tu, ile ile ya gigabaiti 22, na ndani yake fildi zilikuwa zimekwisha kuyeyushwa. Nimemwomba kwamba kabla ya jaribio lake lijalo arekodi sekunde 20 za kuruka na kukimbia, afungue faili, na kusogeza fremu moja moja wakati skrini inakimbia. Katika mchezo unaochora picha 60, kila anapobonyeza picha isogee. Mhusika awe na mwili mmoja, na alama za pointi zisitikisike. Akibonyeza mara mbili ndipo picha isogee mara moja, asianze mbio.