Umerithi picha ya daraja la Ayr? Chukua lenzi kwanza

Picha yenyewe haizidi ukubwa wa daftari la shule, na karatasi yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Inaonyesha daraja la mawe lenye matao manne juu ya mto Ayr, kusini-magharibi mwa Uskoti. Chini kushoto pana jina la mchoraji, kulia jina la aliyechonga bamba la kuchapia picha hiyo, katikati jina la mahali. Sisi tunaohifadhi karatasi za kale tukiletewa kitu kama hiki, swali la kwanza huwa lile lile: ni shilingi ngapi?

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kitu kuwa cha kale si lazima kiwe adimu, na picha hizi zilichongwa kwenye bamba la chuma makusudi ili zitoke nyingi. Zamani mafundi walitumia bamba la shaba, ambayo ni laini na huchongeka vizuri, lakini kila karatasi inayopita huilamba kidogo. Baada ya nakala mia kadhaa, mistari myembamba huanza kufifia. Mwaka 1819 Mmarekani Jacob Perkins alihamia London na ujuzi wake wa mabamba ya chuma, akiwinda kazi ya kuchapa noti zisizoghushika. Wachapishaji wa vitabu ndio waliochangamkia: bamba moja la chuma liliweza kutoa nakala elfu nyingi bila kuchoka. (Kampuni yake ndiyo iliyochapa Penny Black mwaka 1840, stempu ya kwanza ya posta ya kubandika.) Vitabu vya mandhari ya Uskoti vikamiminika sokoni, na karatasi nyingi zinazouzwa leo moja moja zilinyofolewa humo. Chungulia ukingo, mara nyingine matundu ya uzi wa jalada bado yapo.

Sasa lenzi. Chuma ni kigumu, hivyo sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na asidi. Fundi alipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha asidi ikala pale nta ilipokwaruzwa. Palipotakiwa pawe hafifu aliwahi kupaziba kwa vanishi, palipotakiwa pawe na kiza akapaacha paendelee kuliwa. Mwisho alimalizia kwa chombo chenye ncha kali. Anga mara nyingi liliachiwa mashine ya kupiga mistari, ndiyo maana mawingu ya picha hizi yana mistari iliyonyooka kupita mkono wa binadamu. Ukikuza mara kumi utaona mistari safi, myembamba kama unywele, inayopishana kwenye vivuli vya chini ya matao. Ukiona vidoti vilivyojipanga kama wavu, hiyo ni nakala ya kiwandani iliyotokana na picha ya kamera, hata fremu iwe ya kale namna gani.

Jambo hili lina faida hata kwa anayekusanya picha za kale za Zanzibar. Zile za magazeti ya London ya karne ya 19 zilichongwa kwenye mbao, na mara nyingi mgongoni zina habari za gazeti. Msikubali kuuziwa kama za bamba la chuma.

Na rangi? Kwa kawaida picha hizi zilichapwa kwa wino mweusi tupu. Buluu ya mto na kijani cha kingo huenda vilipakwa miaka mingi baadaye ili picha iuzike. Mimi binafsi naona zinaharibu.

Daraja lenyewe ni la karne ya 15, jembamba mno. Mwaka 1786, mji ulipoanza kujenga daraja jipya karibu yake, mshairi Robert Burns, mzaliwa wa Alloway jirani na hapo, aliyafanya madaraja hayo mawili yajibizane kama malenga waliokutana uwanjani. Jipya linalicheka la zamani kwa wembamba wake, hata matoroli mawili yakikutana juu yake hutetemeka. La zamani linajibu kwamba litabaki daraja siku mwenzake atakapokuwa rundo la mawe. Mwaka 1877 mafuriko yaliliharibu lile jipya, likajengwa upya. La zamani nalo lilikaribia kubomolewa, wananchi wakachanga fedha, likafunguliwa tena mwaka 1910 na linapitika kwa miguu hadi leo. Kwa hiyo ukiwa na picha ya miaka ya 1830 au 1840 inayoonyesha madaraja yote mawili, lile jipya unaloliona humo halipo tena.

Lakini usipime chochote kwa picha hiyo. Wachoraji wa enzi ile walipenda kuwafanya watu wadogo ili matao yaonekane marefu, na ng'ombe wanaokunywa maji mbele huenda hawakuwahi kuwepo.

Kama ni ya kwako, itoe kwenye ubao wa nyuma ya fremu. Ubao ndio unaoacha michirizi ya kahawia. Usiibandike kwa selotepu. Kwa mnaoishi pwani, unyevu huleta madoa kama ya kutu, kwa hiyo itundike ukuta wa ndani, mbali na jua na mbali na ukuta wa bafuni.