Mwisho wa Game of Thrones haukutoka kitabuni

Kwenye kibanda umiza kimoja pale Mwanga, Kigoma, ubishi wa tamthilia ya Game of Thrones huishia palepale: "Mwisho mbovu ule mlaumuni mwandishi, ndivyo kitabu kilivyo."

Sivyo. Kitabu chenye mwisho huo hakipo. George R. R. Martin, mwandishi wa mfululizo wa vitabu uliozaa tamthilia hiyo, alitoa cha tano mwaka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza kurushwa. Hadi inakwisha 2019, cha sita kilikuwa hakijatoka. Watengenezaji walijua mambo makuu tu aliyowadokeza, mengine wakajazia wenyewe. Ndiyo maana misimu ya mwanzo safari moja inakula vipindi kadhaa, na ya mwisho mtu anafika kabla muuza kahawa hajakujazia kikombe. Hata mimi siupendi, ila skripti hiyo si ya Martin.