Sahani Iliyobeba Hesabu za Tanuri

Sahani ninayoipenda kuliko zote katika kazi yangu ya akiolojia haikufinyangwa ili mtu alie chakula. Mtu aliichora maandishi udongo ukiwa bado mbichi, kisha ikachomwa pamoja na vyombo vilivyoorodheshwa juu yake. Ilitoka La Graufesenque, karibu na Millau kusini mwa Ufaransa, ambako katika karne ya 1 B.K. wafinyanzi wa Kigalia (wa Galia, jina la kale la eneo la Ufaransa) walitengeneza vyombo vyekundu vya mezani vilivyosambaa hadi mbali katika dola ya Roma.

Juu pameandikwa kwa Kigalia: *tuthos decametos luxtos*, yaani tanuri la kumi limepakiwa. Kisha yanafuata majina, aina ya chombo na idadi. Masuetos ana vibakuli vya siki 9,500. Tritos na Privatos, kwa pamoja, wana 5,550 vya aina nyingine. Felix na Scota wana sahani 5,200. Ukijumlisha orodha kama hizi, mara nyingi unapata vyombo 25,000 hadi 30,000 kwa mchomo mmoja!

Wengi wakiona tarakimu hizo hudhani ni kiwanda cha tajiri mmoja. Mimi naona kitu kama mashine ya kusaga ya kijijini: kila mtu anakuja na ndoo yake ya mahindi, mashine ni moja. Tanuri kubwa lililofukuliwa pale lina urefu wa mita 11 hivi. Nani angelijaza peke yake, au kulikusanyia kuni peke yake? Na uchomaji wenyewe ulikuwa mgumu. Joto lilikaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, na moshi haukutakiwa kugusa vyombo, maana ungeharibu wekundu na mng'ao wake. Ndiyo maana moto ulipitishwa ndani ya mabomba ya udongo. Anayejua kufinyanga si lazima ajue kuchunga moto wa namna hiyo.

Ndoo huwekewa alama isipotelee kwa jirani. Katikati ya vyombo vingi, upande wa ndani, kuna muhuri wa jina, na naamini moja ya kazi zake ilikuwa hiyohiyo: tanuri likifunguliwa, kila mtu atambue vyake.

Mihuri hiyo ilifika mbali. Huko Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia, lilifukuliwa kasha la bakuli 90 za Kigalia zenye nakshi, zilizofukiwa na volkano mwaka 79 kabla hazijatolewa kashani. Kadhaa kati yake zina muhuri wa Mommo, mfinyanzi wa La Graufesenque.