Hiyo Ngazi Imeegemezwa Wapi?

Lilikuwa swali la kumi na nne kwenye dodoso letu la kupima hali njema ya watu vijijini. "Fikiria ngazi yenye vipandio kumi. Cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, cha chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Leo wewe umesimama kipandio cha ngapi?" Mzee niliyekuwa namhoji, katika kijiji kimoja wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, aliitazama karatasi yenye picha ya ngazi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akanirudishia.

"Mwanangu, hiyo ngazi imeegemezwa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Uani pale palikuwa na ngazi ya miti imeegemezwa kwenye kihenge cha mtama, akainyooshea kidole. Ngazi, akasema, mtu anaipanda akifuata kitu, na chini lazima awepo wa kuishika. "Sasa mimi nikishafika huko juu, mama watoto yuko wapi? Ng'ombe wako wapi?" Nilibaki nimeshika kishikwambi ambacho kilikuwa kimekataa kwenda swali la kumi na tano bila namba. Nikajaza 5. Yeye hakuitaja 5. Niliitoa kichwani kwangu, kwa sababu jua lilikuwa linazama na kaya sita zilikuwa hazijafikiwa.

Ile 5 imenisumbua kuliko data zote nilizowahi kukusanya. Ngazi yenyewe ina heshima yake katika fani. Ilibuniwa na Mmarekani Hadley Cantril, akaichapisha mwaka 1965, na ndiyo inayotumika mpaka leo kupanga nchi katika ile ripoti ya furaha duniani inayotoka kila Machi. Ikitoka, Tanzania huwa kule mkiani, na mitandaoni tunaanza kulaumiana. Sisemi kwamba watu wetu wana raha na ripoti inasema uongo. Shida zipo, nimezihesabu kwa mkono wangu. Ninalosema ni kwamba swali lenyewe limeshaamua jambo moja kabla mtu hajafungua mdomo: kwamba hali njema ni ya mtu mmoja mmoja, na kwamba inaelekea juu.

Nianze na neno. Kwenye rasimu ya kwanza hiyo hali njema, wellbeing ya Kiingereza, tuliitafsiri kwa "ustawi". Kamusi inaturuhusu, na neno lenyewe ni zuri, maana kustawi ni kwa mahindi na migomba kabla ya kuwa kwa binadamu. Lakini nenda mtaani ukamwulize mama, "Ustawi wako ukoje?" Kwa Watanzania wengi Ustawi ni ofisi, ile ya ustawi wa jamii. Ni pale unapompeleka baba wa mtoto asiyetoa matunzo. Katika majaribio ya dodoso mama mmoja alinijibu kwa sauti ya chini, "Dada, mimi na mume wangu tulishasuluhishwa, hatujarudi tena Ustawi." Tukalifuta siku hiyohiyo.

"Furaha" nayo haikufaa, ina harufu ya sherehe. "Maendeleo" ni neno la mikutano, ukilitamka watu wanakuorodheshea barabara, umeme na zahanati. Lililotusaidia kidogo ni "uzima", na sababu ni kwamba Kiswahili hakitenganishi vitu viwili: mzima ni asiyeumwa, na mzima ni asiyepungua, kama mkate mzima. Halafu kuna salamu zetu. Hujambo, sijambo: hali njema ni kutokuwa na jambo. Na hatuishii hapo, tunauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, mpaka za mifugo. Jibu linakuwa "nzuri", kisha baada ya dakika tano unasikia "nzuri, ila..." Mtafiti asiyekaa mpaka "ila" ifike anaondoka na nusu ya jibu.

Kishapu, Meatu na Maswa watu wanaongea Kisukuma, na Kiswahili ni cha kumsaidia mgeni. Neno walilolirudia mno lilikuwa mhola. Utalisikia kwenye salamu kila siku, likiulizwa na likijibiwa. Wakalimani wangu walilitafsiri kila mtu kivyake: amani, utulivu, uzima, "hakuna shida". Niliacha kutafuta tafsiri moja nikaanza kuuliza, nani hana mhola? Hapo watu wakafunguka. Mwenye ng'ombe mia aliyegombana na ndugu yake, hana. Kaya yenye mgonjwa haina, hata kama ghala limejaa. Kijiji ambacho mvua imekikataa hakina. Na kijana mmoja, fundi pikipiki, akaniambia mtu ambaye ndama wake hawana malisho mwezi wa tisa hana mhola hata akilala kwenye nyumba ya bati. Kwa mara ya kwanza nyasi zilikuwa zimeingia kwenye mahojiano bila mimi kuziuliza.

Tukafika kwenye ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili, mifugo hairuhusiwi kuingia. Nyasi zinakua, miti inachipua. Kiangazi kikikomaa, nje kukiwa hakuna kitu isipokuwa vumbi, kinafunguliwa, na si chote kwa mkupuo, bali sehemu baada ya sehemu. Wa kwanza kufikiriwa ni ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anatozwa faini inayoitwa mchenya, na kanuni zinajadiliwa kwenye dagashida, mkutano wa jamii. Nimekaa kwenye mmoja chini ya mti saa tatu nzima. Saa mbili kati ya hizo zilikuwa za kubishana kama mbuzi wanne wa mjane mmoja waliingia au waliingizwa.

Utaratibu huu ulikaribia kufa, na haukufa wenyewe. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilifyeka misitu ya Usukumani ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikaja ikachukua ardhi. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, na ngitili zikabaki kule kwenye mahame, hazina mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na ukame alioukuta, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni ulifanya kile ambacho miradi yote hufanya: vitalu, miche, miti ya kigeni. Kilichobadilisha mambo ni wataalamu kuuliza watu wenyewe walikuwa wakifanyaje zamani, na kuambiwa: funga eneo, ondoa ng'ombe, subiri. Visiki vya migunga vilikuwa hai bado chini ya ardhi.

Inakadiriwa kwamba mwaka 1986 ngitili zilizosalia zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. HASHI ilishapata Tuzo ya Ikweta ya mwaka 2002 kutoka Umoja wa Mataifa. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ukatoka mwaka 2005, ulikadiria kwamba kuni, malisho, asali, dawa na mengineyo ya ngitili vina thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Nazipenda hizi namba, zinafungua milango ya ofisi. Ila hakuna hata mtu mmoja niliyemhoji aliyeniambia anatunza ngitili kwa sababu ya dola 14. Waliniambia habari za ndama wa mwezi wa tisa.

Wenzangu wa fani hii tuna tabia ya kukimbilia mbali. Tunanukuu katiba ya Ecuador ya mwaka 2008 na sumak kawsay, yaani kuishi vizuri, ya wenyeji wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, tunaisifia Bhutan kwa kupima furaha ya taifa. Ni mifano mizuri na wanafunzi wangu nawafundisha. Lakini fikra ya kuishi vizuri bila kuimaliza ardhi, yenye kanuni, faini na hekta za kuonyesha, iko mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Dodoma, na wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia.

Sasa nigeukie upande ambao machapisho yetu huupitia haraka. Mhola si wa watu wote sawasawa. Nyingi ya ngitili ni za kaya, na kaya isiyo na ardhi ya kutosha haina ya kufunga. Mwanamke ndiye anayekata kuni humo, lakini neno la mwisho kuhusu lini ifunguliwe mara nyingi si lake. Na Usukumani tunajua habari ya vikongwe. Misitu ilipoisha, akina mama walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mashina ya pamba, moshi wa miaka ukawaharibu macho, na macho mekundu yakawa ushahidi wa uchawi. Wameuawa wengi. Bibi mmoja, aliyekuwa amehamia kwa binti yake baada ya kutuhumiwa, nilimwuliza swali langu jipya nililokuwa najivunia: kijijini kwenu mlikuwa na mhola?

"Mjukuu wangu," akasema, "mhola wao ulikuja siku niliyohama."

Tangu siku hiyo siandiki tena sentensi inayoanza na "jamii inaamini kwamba hali njema ni". Jamii ipi, nani alikuwa amekaa kwenye dagashida, na nani alikuwa jikoni? Huyohuyo bibi, nikiongezea tu, ndiye aliyenieleza vizuri kuliko mtu yeyote tofauti ya kuni za ngitili na kinyesi: mti gani unawaka bila moshi, upi unawasha macho, upi haukatwi kabisa. Alikuwa anajua hesabu ya miti ile kuliko mabwana misitu, na hakuna dodoso lililowahi kumwuliza.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo. Ngazi bado ipo, mfadhili anaitaka na mimi nahitaji kulinganisha na mikoa mingine, lakini imehamia mwisho, na kishikwambi sasa kinakubali jibu la "amekataa kujibu kwa namba", likifuatiwa na nafasi ya kurekodi sauti. Tunaanza na "nani hana mhola hapa?" Tunawahoji wanawake peke yao, na hoja zao tunazipeleka kwenye mrejesho bila kutaja aliyezisema. Kijana wetu wa kuingiza data analalamika kwamba rekodi moja inamchukua saa nne kuinakili. Namwelewa.

Kosa jingine letu lilikuwa la kalenda, na hili hakuna aliyenishtukia, nililiona mwenyewe nikipanga majibu kwa tarehe. Tulihoji kijiji kimoja mwezi wa sita, watu wametoka kuvuna, na kingine Februari, vihenge vitupu, watu wamo shambani na njaa yao. Kisha tukaandika kwamba cha kwanza kina hali bora. Safari hii vijiji vyote vitahojiwa mara mbili: Februari, na tena Septemba, ngitili zikiwa wazi. Nimeomba kibali tayari. Yule mzee wa ngazi nimempigia simu kumwambia tunarudi, akaniuliza kama safari hii nitakuja na ile karatasi. Nikamwambia nitakuja nayo. Akasema basi nije mapema, kabla hajapeleka ndama.