Kwa nini mzee hubaki na kilo zilezile huku nguvu zikimwishia?

Mtu anaweza kupima kilo 68 akiwa na miaka 45, na akifika 70 mizani ikasoma 68 ileile. Watu humsifu kwamba hajabadilika. Lakini ngazi alizokuwa akizipanda mbiombio sasa anazipanda huku kashika ukuta. Imekuwaje?

Kuanzia miaka ya 30 hivi misuli huanza kupungua, takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Mafuta huchukua nafasi yake, tumboni na hata ndani ya misuli yenyewe. Mizani haijui tofauti. Neva zinazoiamuru misuli nazo hupungua, kwa hiyo nguvu huporomoka haraka kuliko unene wa paja. Zinazoathirika zaidi ni nyuzi za misuli zenye kasi, zile zinazourusha mguu mbele mtu akijikwaa. Ndiyo maana kuteleza kidogo tu bafuni huweza kuishia kwa nyonga kuvunjika.

Ukitaka kujua nguvu za mzazi wako, mtazame akiinuka. Mpe kiti kigumu, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo, nawe uwe karibu. Akipitisha sekunde 15, au akishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, miguu imedhoofika, hata kama kilo zake ni nzuri.

Na nguvu zinarudi! Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee kumi dhaifu wa makao ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha mkongojo.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na ile heshima ya kumwambia mama "wewe kaa tu, tutafanya sisi". Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kuinuka kitini mara kumi asubuhi ni mwanzo mzuri. Chai na mkate pekee havijengi misuli; aongezewe maharage, dagaa, yai. Na mzee mnene asipunguzwe kwa kunyimwa chakula tu, maana misuli nayo itaondoka pamoja na mafuta. Akianza kukonda bila kukusudia, apelekwe hospitali mapema.